Jeli ya Magoti ya Gangaben

Sabiri alimwona Gangaben, mjane wa Kihindi mwenye duka la kanga mjini Tabora, akiinuka kitini kwa miguno, mkono mmoja gotini, mwingine mezani. Kwenye ule mkono wa mezani iliwaka bangili ya dhahabu. Sabiri akajua riziki imemfungulia mlango.

"Shikamoo, bibi. Magoti?"

"Marahaba. Magoti, mwanangu. Yanasagika kama karanga."

"Gegedo limelika. Ule ulaini mgumu unaokaa kati ya mfupa na mfupa." Akavuta kiti bila kukaribishwa. Jambo lenyewe alilisikia redioni, na kwa vile alikuwa mwaminifu kwa namna yake, alianza na ukweli. "Wataalamu wa Ulaya wana jeli iliyojaa maji. Humo wanapanda seli shina, chembe changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini maishani. Zikilelewa vizuri, zinageuka gegedo."

"Na wewe unayo jeli hiyo?"

"Ninayo."

Hapo ukweli ukaishia. Jeli ya Sabiri ilikuwa mlenda uliochujwa chumbani kwake mtaa wa Ng'ambo na kutiwa rangi ya keki.

Gangaben alichovya kidole, akanusa, akatabasamu. "Nitakulipa bangili hii, gegedo likishaota."

"Litaota. Ila usiinue kitu wala kupanda ngazi, usije ukaling'oa likiwa changa."

"Marobota ya kanga atabeba nani? Wakulima wa Ulyankulu wameuza tumbaku, wanakuja kununua."

Sabiri akaitazama bangili. "Nitabeba mimi, bibi."

Akabeba. Akapanda ngazi, akashuka, akapanda tena, huku bibi amenyoosha miguu iliyong'aa mlenda. "Ile ya juu kabisa, daktari. Hapana, rudisha. Ile jirani yake." Kila jioni Sabiri alijikongoja nyumbani akijifariji kwamba dhahabu haiozi.

Msimu ulipokwisha, Gangaben alisimama bila kuguna. Mapumziko yalikuwa yamefanya kazi ambayo mlenda usingeiweza hata ungepakwa kwa pipa.

"Limeota!" akasema, akavua bangili na kumkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Sabiri hakuaga mtu. Alidandia treni ya Kigoma, akinuia kuiuza bangili Kaliua, mbali na macho ya mjini. Lakini ulimi wake haukuweza kungoja Kaliua. Kando yake alikaa mama mkulima wa Ulyankulu, jina lake Niyokwizera.

"Dada, naona unajua kitu kizuri," Sabiri akanong'ona, akifungua leso. "Dhahabu ya Kihindi hii. Shida ya safari tu ndiyo inaniuzisha."

Niyokwizera aliitazama, akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akapandisha mkono wa gauni. Zilikuwamo bangili tatu, mapacha wa ile.

"Ya Gangaben hiyo! Mwaka jana ukinunua doti mbili, alikuwa anakupa bangili moja ya bure. Jamani, tazameni!"

Behewa zima likageuka. Wanawake wakainua mikono, na bangili zikalia dirisha hadi dirisha.

"Na wewe, kaka," Niyokwizera akauliza, akijifuta machozi, "ulinunua kanga gani?"

Sabiri alikunja leso polepole.

"Sikununua," akasema. "Nilizibeba."