Msafisha Majina wa Suva

Apisai alimwona Bi Merewalesi mgahawani akiichungulia simu yake chini ya meza, jicho kulia, jicho kushoto, akajua riziki imejileta yenyewe. Mji mzima ulihisi kwamba mama huyu ndiye anayewasengenya wanakwaya wenzake mtandaoni kwa jina la bandia. Na juzi mtandao huo ulitangaza kuwa kila mtu atajulikana kwa jina lake halisi.

Apisai akavuta kiti, akafungua kompyuta. "Mimi nasafisha majina, mama. Nikimaliza, hata mtandao wenyewe utakuuliza wewe ni nani."

"Dola ngapi za Fiji utanikamua?"

"Bure! Wewe nijibu maswali tu."

Aliyebuni neno bure anastahili sanamu. Maswali yenyewe yalikuwa yale yale ambayo benki humuuliza mteja aliyesahau neno lake la siri: ukoo wa mama, kijiji cha mama, mnyama wa kwanza aliyemfuga.

"Mama yangu ni wa Waidrala," alisema Bi Merewalesi bila kusita. "Na wewe mwanangu, kwenu wapi?"

Suva huwezi kupokea jibu hilo bila kutoa lako. Apisai akataja kijiji alichowahi kukisikia kwenye matangazo ya vifo redioni. "Nasalevu, mama."

Bi Merewalesi akapiga makofi. "Nasalevu! Jamani, Waidrala na Nasalevu ni watani tangu enzi za mababu, nimempata mtani wangu!"

Na mtani haombi, huchukua, na anayechukuliwa hucheka. Miwani ya Apisai ikaondoka kwanza, kisha sahani yake ya mihogo ya kukaanga. Kisha mkono wa mama ukatua juu ya kompyuta, ambamo mlikuwa na siri za nusu ya mji. Apisai hakuwa na mtaji mwingine duniani.

"Hiyo hapana, mama!"

"Mama nani? Niite mtani, we pua ya kiazi! Tangu lini watu wa Nasalevu wakawa wachoyo? Au wewe si wa huko?"

Mgahawa mzima ukageuka kutazama. Mzee wa kanisa, mteja wa Apisai wa wiki iliyopita, akaweka kikombe chini. Apisai akikiri uongo sasa, nani atamwamini tena? Akacheka, roho ikimuuma kweli kweli.

"Neno la siri nalo, mtani," mama akanong'ona. Apisai akaliandika. Mama akaibeba kompyuta kwapani, akatoka akiwapungia watu mkono.

"Hao watu wa Waidrala ni hatari," Apisai akamlalamikia mwenye mgahawa.

"Waidrala ndiyo wapi?" mwenye mgahawa akashangaa. "Merewalesi ni wa Levuka, yeye na mama yake na bibi yake. Nimesoma naye darasa moja. Hana mtani hata mmoja huko kwenu Nasalevu."

Mzee wa kanisa alikuwa bado anamtazama, kwa hiyo Apisai akaendelea kucheka.