Nyasi za Ukumbi wa Harusi

Jumatatu, 5 Mei

Shemeji Alavikutty amemaliza uwanja wake. Nyasi bandia, kijani kibichi, nyavu pande zote, nyuma ya nyumba pale alipokuwa akifuga bata. Sasa kila jioni wanaume wa mtaa mzima wako kwake wanacheza mpira. Hata wale waliokuwa wakija barazani kwangu kunywa chai ya ndimu na kunisikiliza nikieleza mambo ya Sharjah.

Leo chai nimekunywa na mke wangu Biyyathu. Kelele za goli zilitujia juu ya ukuta. Akaniuliza kwa nini nami nisiende, si ni kaka yake, tena ni mlango wa pili. Nikamwambia sikukaa Uarabuni miaka yote ile ili nirudi kuwa mgeni wa mtu. Nitajenga wangu. Mkubwa zaidi.

Akauliza wapi. Nikatazama bustani yake ya tangawizi. Alichukua jembe akaanza kuing'oa mwenyewe. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 7 Mei

Amekuja fundi Prasobh, yule aliyemtengenezea Alavi. Anasema kwanza kuchimba, kisha kumwaga kokoto, kushindilia, kutengeneza mteremko maji yakimbilie mferejini, ndipo nyasi. Wiki tatu. Nikamweleza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo kuna mechi, nimeshawaalika watu msikitini. Basi turuke kokoto. Akasema kokoto hazirukwi, mvua ziko njiani. Nikasema mvua aniachie mimi. Akavaa kofia yake ya pikipiki akaondoka.

Sina haja naye. Kuna ukumbi wa harusi huko Manjeri unang'oa nyasi zake bandia ili uweke vigae. Nimezichukua zote. Hamsa, mwashi, atanisaidia. Nyasi hajawahi kutandika, ila zulia amewahi.

Jumamosi, 10 Mei

Zimetandikwa. Mgongo haunyooki. Ndani yake tumekuta punje za biriani, vumbi linalong'aa, na kifungo cha kanzu ya bwana harusi.

Tatizo dogo. Kumbe nyuzi za nyasi hizi hulala upande mmoja kama manyoya ya paka, na vipande vyote lazima vilalie upande huo. Sisi tumekilaza kila kimoja kivyake. Uwanja una kijani cha aina mbili, kama shati lililoshonwa na mafundi wawili waliokosana. Hamsa akauliza kama tuanze upya. Nikasema ni mtindo. Biyyathu alikuja akatazama, akauliza mtindo huo umetoka wapi. Nikasema Sharjah.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya gundi. Nimepiga magoti asubuhi nzima nikiunganisha vipande. Ilipofika adhuhuri nyasi zilikuwa kikaango. Kandambili yangu ya kushoto ilinasa kwenye gundi ikayeyukia hapohapo. Tumeshindwa kuibandua. Itakuwa alama ya katikati ya uwanja.

Hakuna binadamu atakayecheza pale kabla jua halijashuka. Biyyathu alinyoosha kiganja juu ya nyasi, akafikiri, akaenda kuleta kikapu cha nazi zilizopasuliwa, akazimwaga. Akasema ni leo tu. Kufikia alasiri zilikuwa zimekauka nusu, karibu mbata. Uani angengoja siku kadhaa.

Jumatano, 14 Mei

Habari zimeenea. Wanawake wa mtaa wote wako uwanjani na mbata, ukwaju na pilipili nyekundu. Wameleta mikate ya pathiri, wanakula, wanacheka. Raihanath, mke wa Alavi, naye yumo. Nikamkumbusha kwa upole kwamba huu ni uwanja wa michezo.

"Shemeji, Mungu akuzidishie," akanijibu. "Kwetu huwezi kuanika hata leso, wanaume wamejaa kama inzi. Kwako kumetulia."

Wenzake wakaitikia amina.

Nimekaa chumbani nikingoja waondoke ili nami nipate wageni.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa sita. Wanaume walikuja baada ya sala. Katikati uwanja ulikuwa umevimba kama chapati juu ya moto. Nikawaambia ni hewa tu, itashuka wakicheza. Wakaanza kuteleza mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeanguka aliinuka akifikicha macho. Mabaki ya pilipili yalikuwa yamenasa kwenye nyasi. Kipa wa timu ya pili alimwita mamake.

Kisha Alavi akaukimbilia mpira. Kiungo cha vipande viwili vya nyasi kikafumuka, mguu wake ukazama chini ya nyasi, kwenye tope. Tulisikia mlio.

Nilifika wa kwanza. Niliushika ule mguu, umeshavimba. Yeye ndiye aliyesema.

"Moideen, kwa nini hukuja tu? Nafasi ya kipa nimekuwekea tangu siku ya kwanza. Kila jioni tunacheza pungufu kwa ajili yako."

Wakamchukua kwa daktari wa mifupa. Wengine walikwenda bombani kunawa macho, wakaondoka bila kuaga. Sikula. Nimeona aibu, na sina namna nyingine ya kuiandika.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda kwa Alavi. Amekaa kitini kando ya uwanja, mguu juu ya mto. Kifundo kimeteguka, hakikuvunjika. Nikamwomba samahani. Akanielekeza kwa kidole: golini.

Nimefungwa na kila aliyetaka kunifunga. Hakuna aliyejali. Moideen toka, Moideen rudi, jina langu jioni nzima. Tangu nirudi nyumbani sijaitwa hivyo. Biyyathu alikuwa akichungulia juu ya ukuta. Nilijifanya sikumwona, nikaruka kuufuata mpira ambao haukuwa wa kurukia.

Nina furaha. Uwanja wangu nimewaachia wanawake waanike wapendavyo.

Jambo moja tu. Kipa ana nafasi ya kutazama chini. Kiungo cha nyasi kilicho kando ya mlingoti wa kushoto hakijanyooka, kimepinda kama upana wa kidole. Ndiyo kazi ya Prasobh hiyo. Sikumwambia Alavi, mgonjwa hasumbuliwi. Kesho asubuhi Raihanath anampeleka kwa daktari, nyumba haitakuwa na mtu. Nimemwambia Hamsa aje na kisu. Tunabandua kidogo, tunanyoosha, tunarudisha.

Alavi atafurahi sana.