Aliyesema Zima

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Kubwa mno! Redio inakuja. Mtangazaji wa kipindi cha muziki amempigia Fundi simu asubuhi. Jumamosi atafika kwenye karakana ya Fundi, tunakofanyia mazoezi, na kinasa sauti chake, arekodi onyesho letu la kutimiza miaka ishirini. Kisha atatengeneza kipindi cha saa nzima: historia ya bendi yetu, Radi Kavu, na jinsi sauti yake ilivyobadilika. Saa nzima! Hadi leo redio ile imetutaja mara moja tu, kwenye malalamiko ya wasikilizaji.

Mtangazaji ana swali moja kuu. Nani alibuni sauti ile? Nani alitutoa kwenye nyimbo za harusi akatuingiza kwenye hevi metali? Jibu nimelijua papo hapo. Mimi.

Tatizo ni Shemeji. Naye kalijua papo hapo. Yeye.

Shemeji ni mume wa dada yangu na mpiga gitaa la solo. Mimi napiga besi. Mpiga besi ni kama chumvi kwenye chakula, hatajwi mpaka akosekane. Lakini kinachoniuma si hicho. Kinachoniuma ni Mama. Wageni wakija nyumbani humtambulisha Shemeji kwanza: huyu mkwe wangu ni mwanamuziki. Halafu hunigeukia: na huyu mwanangu huwasaidia kubeba vyombo. Miaka ishirini nasikia hivyo na kutabasamu!

Mama huwasha redio ile alfajiri, huizima akienda kulala. Jumanne ya wiki ijayo kipindi kitarushwa. Atasikia kwa masikio yake mwenyewe nani ni nani. Nimeapa.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza kuandika Historia Rasmi ya Radi Kavu. Nimeiandikia kazini, kwenye duka la fotokopi. Mteja alitaka nakala za vyeti vyake, nikamwambia mashine imepata joto, inapumzika. Kurasa nane kabla ya saa sita! Kalamu inakimbia yenyewe.

Ukweli wenyewe nauweka humu tu, pasipo macho ya watu. Tulianza tukiitwa Asali ya Jioni. Nyimbo laini, za maharusi kukatia keki. Siku moja, kwenye mazoezi, spika ikachanika, na gitaa la Shemeji likaanza kukoroma. Spika nyingine hatukuwa nayo. Watu wakapenda. Basi, tukaingia kwenye metali kupitia mlango wa uani.

Kisha Fundi, mpiga ngoma wetu, ambaye riziki yake ni kuchomelea mageti, akavunjika mkono. Akapiga kwa mkono mmoja miezi minne. Nyimbo zikawa nzito na za polepole, gazeti moja likaandika kwamba tumekomaa. Kisha Mwalimu, mwimbaji wetu, anayefundisha chekechea, akashikwa na mafua. Sauti ikawa mngurumo. Akagundua kwamba akinguruma neno moja darasani watoto wote wanakaa, akaamua asipone. Mwisho mwenye jengo akatuwekea dakika arobaini tu za mazoezi kwa siku, ikabidi tupige haraka ili nyimbo zote zienee. Mashabiki wanaiita Enzi ya Kasi.

Kwenye Historia Rasmi mambo yamekaa vizuri zaidi. Spika niliichana mimi, kwa wembe, baada ya kutafakari siku tatu. Polepole nilishauri mimi. Mafua sijayataja, nimeandika “mafunzo ya pumzi chini ya uangalizi wa mpiga besi.”

Na ule wimbo wetu mkubwa kuliko yote, ambao kiitikio chake ni neno moja tu, “Zima! Zima! Zima!”, ngumi juu, ukumbi mzima? Nimeandika kwamba kiitikio nilitunga mimi, nikimaanisha zima uongo, zima kiburi, zima dhuluma. Hakuna anayekumbuka kilikotoka. Kilikuwepo tu. Kitu kisicho na mwenyewe ni cha aliyekiokota.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Shemeji naye ana historia yake. Kaiandika kwenye daftari la mistari, kwa wino mwekundu. Anadai spika ilichanika kwa nguvu ya solo yake. Hata aibu hana.

Tumesomeana mazoezini, yeye ukurasa, mimi ukurasa, sauti zikipanda. Dakika kumi na nane kati ya zile arobaini zikaenda hivyo. Fundi alivaa miwani yake akaendelea na geti la mteja. Mwalimu akasema tugawane, mmoja achukue spika na mwingine achukue kiitikio. Nikamjibu kwamba sisi si watoto wa chekechea. Akaniangalia tu. Nikakaa.

Ndipo Dada, aliyekuwa amemletea mumewe kadi ya simu, akasema neno lililonirusha roho. Kanda ipo! Siku ile ya spika alirekodi mazoezi yote kwa redio kaseti ya nyumbani. Iko mahali fulani, ndani ya sanduku fulani, chini ya vitu fulani.

Ushahidi! Nilitaka kumkumbatia. Nakumbuka vizuri kwamba siku ile nilipaza sauti nikasema jambo la maana sana. Ni jambo gani, hilo limenitoka, lakini lilikuwa la maana, maana wote waligeuka. Nikamsihi Dada aitafute. Nikaahidi kumfulia mapazia yote ya nyumba. Akaniuliza kama nina hakika naitaka. Nikasema sijawahi kuwa na hakika hivi. Akacheka kidogo, akaenda zake. Dada yangu hucheka ovyo tangu utotoni.

Ijumaa, 8 Machi

Kanda haijaonekana. Mapazia nimefua, kumi na mawili.

Lakini mjanja halali njaa! Nina mpango wa pili. Katikati ya “Zima” Shemeji ana solo ya dakika mbili, na dakika mbili hizo ndizo redio itazipenda. Sasa je, amplifaya yake ikizimika ghafla? Kitabaki nini hewani? Besi!

Nimemwita Binamu. Ni mlinzi wa ghala, mrefu kama mlango, haulizi mara mbili. Muziki wetu hajausikia hata siku moja, kwa hiyo hana upande. Nimempeleka mbele ya ubao wa swichi, ukutani nyuma ya ngoma, nikamwonyesha ile ndogo ya Shemeji, ya mwisho kushoto. Nikamwambia: ukisikia zima, zima. Akarudia kama askari: nikisikia zima, nazima. Alitaka kuuliza jambo lingine, lakini Shemeji akaingia, nikajifanya namwonyesha buibui.

Silali leo. Mambo ni moto!

Jumamosi, 9 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Karakana ilijaa pomoni. Watu mia mbili, wengine wamekaa juu ya mageti yasiyopakwa rangi. Mtangazaji ni mama mfupi, mpole, ana kinasa sauti cha betri begani, na alikiwasha tangu asubuhi tukipanga vyombo. Nilimpa nakala ya Historia Rasmi. Akaiweka mkobani, juu ya daftari la Shemeji.

Tukaanza na Asali ya Jioni, laini, watu wakacheka kwa huba. Halafu tukapanda enzi kwa enzi. Mkoromo! Polepole! Mngurumo! Kasi! Nilikuwa natokwa jasho mpaka kwenye viatu. Mwalimu alinguruma mpaka mama mmoja akaketi bila kujua. Sijawahi kupiga vizuri hivyo, na nasema hivi bila kujisifu.

Kisha “Zima.” Solo bado kabisa. Kiitikio cha kwanza tu. Ngumi mia mbili juu.

“Zima! Zima! Zima!”

Pa! Kimya. Taa, gitaa, maikrofoni, mpaka feni ya Fundi. Nikageuka. Binamu amesimama kikakamavu, mkononi ameshika kishikio cha swichi kuu. Kimeng'oka ukutani.

Nikamuuliza kwa kunong'ona amefanya nini. Akanijibu kwa sauti ya kazini:

“Mtu mmoja akisema zima, unazima moja. Watu mia mbili wakisema zima, unazima zote.”

Fundi akasema nusu saa, labda zaidi. Mtangazaji hakupoteza muda. Akasogea na kinasa sauti chake, akauliza lile swali lake mbele ya watu wote: nani alibuni sauti hii? Mimi na Shemeji tukajibu pamoja, neno moja, “Mimi.” Watu wakapiga miluzi.

Hapo umati ukaachia njia. Dada! Redio kaseti ya betri kichwani, kanda mkononi. Alikuwa ameipata jana usiku. Nikamfungulia mlango wa kile kifaa mimi mwenyewe, nikabonyeza mimi mwenyewe.

Mwanzo ni wimbo wa harusi. Gitaa tamu la Shemeji wa zamani. Halafu kitu kikachanika, na mkoromo ukaanza, mnene, mchafu, mzuri ajabu. Kisha sauti ya kijana, nyembamba, karibu na kilio:

“Zima! Zima! Jamani zimeni, tutafukuzwa! Nimeikalia spika, nilikuwa nafunga kamba za viatu! Zima!”

Nyuma yake Fundi akaingia na ngoma, palepale kwenye neno. Na Mwalimu, enzi hizo sauti yake safi kama maji, akalidaka akidhani ni maneno ya wimbo: Zima! Zima! Shemeji akacheka, akaongeza sauti.

Kanda ikafika mwisho. Watu mia mbili wakaniangalia. Hakuna shimo sakafuni mwa karakana ile, nimehakikisha. Nilimkumbuka Mama na redio yake. Mtangazaji akanisogezea kinasa sauti, akauliza taratibu, kwa hiyo ni wewe?

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Vicheko vililipuka! Halafu mtu mmoja akagonga geti kwa ufunguo. Zima! Mwingine akagonga. Fundi akaacha waya akarudi kwenye ngoma, Mwalimu akanguruma bila maikrofoni, na karakana nzima ikawa inapiga mageti, bila umeme hata chembe. Kishindo kile! Sijawahi kukisikia. Besi yangu ilikuwa imekufa mkononi, nami nilikuwa napiga kelele kuliko wote, na kwa dakika kadhaa nilisahau kabisa kwamba nimeaibika.

Jumapili, 10 Machi

Nimekumbuka.

Nimempigia mtangazaji mara tatu, akate kile kipande cha kanda. Anasema ndicho kitamu kuliko vyote. Jioni nikampelekea barua kali ya Chama cha Wapiga Besi, yenye muhuri, ikipinga kudhalilishwa kwa mwanachama. Akajibu kwa ujumbe kwamba amepokea, ila muhuri unasomeka “Fotokopi na Picha za Pasipoti.”

Shemeji alikuja kunipa pole. Alifika mlangoni tu, akaanza kucheka, akarudi alikotoka.

Jumanne, 12 Machi

Nilifika kwa Mama mapema nikaificha redio ndani ya pipa la unga. Akaitoa, akaipangusa, hakuuliza. Dada na Shemeji wakaja. Tukaketi wote.

Saa nzima Mama aliikunjia uso redio. Mkoromo, akaguna. Mngurumo, akauliza kama yule binti anayeimba aliwahi kupelekwa hospitali. Kisha ikaja kanda. Ile sauti nyembamba ikilia zima, zima. Nikatazama miguu yangu.

Mama akainuka kwenye kiti. Akauliza huyo ni nani. Dada akamwambia ni mwanao. Akasikiliza mpaka kipande kikaisha, ndipo akasema:

“Miaka ishirini naomba mtu mmoja kwenye ile bendi aseme neno hilo. Kumbe ni mwanangu!”

Akanishika mkono. Akauweka mapajani mwake, akaushikilia mpaka taarifa ya habari. Jirani alipoingia kuomba kiberiti, Mama akamwambia: huyu ndiye mwenye akili, walikataa tu kumsikiliza. Nilitoka nje kidogo kupangusa macho. Unga ule huwasha.

Ningeishia hapo. Lakini simu! Mtangazaji anasema wasikilizaji wanapiga tangu kipindi kiishe, wanataka ile sehemu ya mwisho, ya mageti bila umeme. Wanasema ni sauti mpya. Enzi mpya! Anataka kipindi cha pili, na kuna swali moja: nani alibuni wazo la kuzima umeme?

Kalamu inakimbia yenyewe. Historia Rasmi, toleo la pili, kurasa tano tayari: jinsi nilivyotafakari ukimya kwa siku tatu, nikamwandaa Binamu kwa siri, nikachagua kiitikio kwa makusudi. Shemeji hatajwi.

Na safari hii mambo ni rahisi, maana mtangazaji anasema kinasa sauti chake kilikuwa wazi tangu asubuhi, kimenasa mpaka mimi na Binamu tukikumbushana mpango pale ukutani, ile swichi ndogo ya Shemeji. Nimemwomba airushe yote, asikate hata neno moja.