Ziara Yangu, Usukani wa Mwalimu

Jumatatu, 16 Machi

Nimepewa! Kamati ya klabu yetu ya mchezo wa kurusha tufe hapa mjini Asti imeniachia mimi, Evasio Bricarello, ziara ya mwaka ya kununua divai vilimani. Miaka yote imekuwa mikononi mwa mwenyekiti, Mwalimu Secondo Gallesio. Alifundisha shule ya msingi, na hadi leo anatuhesabu tukipanda basi kana kwamba tutapotelea chooni. Kila mwaka ghala lilelile, meza ileile, hadithi ileile ya goti lake.

Basi! Uchaguzi wa mwenyekiti ni Jumapili hii. Ziara ikifana, kiti ni changu. Mimi nilianza na mkokoteni mmoja wa vigae, leo nina duka lenye vioo pande mbili. Yeye alianza na chaki akamaliza na chaki. Halafu yeye wanamwita Mwalimu, mimi wananiita Vigae.

Pinuccia, mke wangu, kauliza kama hicho kiti kina mshahara. Hakina. Kauliza basi kelele zote hizi za nini. Kuna mambo mwanamke huyu hatayaelewa.

Jumanne, 17 Machi

Tatizo. Watu wetu hawanunui divai ya madumu ila mwezi ukiwa unapungua. Mwezi ukiwa mchanga, eti, divai ukiihamisha inachacha, ukiitia kwenye chupa inarusha vizibo. Nimewauliza ushahidi uko wapi. Wamenitazama kama niliyewatukania mama zao.

Na mwezi unaopungua unaisha keshokutwa. Wenye mashamba wote upande wa Canelli wana foleni mpaka hapo. Nimepiga simu hadi sikio limewaka. Kakubali mmoja tu, mjane Clementina Viarengo: Jumamosi, tarehe 21. Kwa punguzo la asilimia ishirini! Nikamuuliza ukarimu huu umetoka wapi. Akacheka. Akasema, "Bwana mkubwa, mwezi ukiwa vile hata paka haji kwangu."

Nimekubali. Asilimia ishirini ni hesabu. Mwezi ni jiwe.

Baadaye: nimepata wazo! Kule klabuni inaning'inia kalenda ya famasia, yenye picha ya mwezi pembeni mwa kila tarehe. Wote wanaiamini kuliko padri. Kalenda yao ya mwaka jana ninayo mimi, inaning'inia chooni kwangu. Nimekwenda kuiangalia. Tarehe 21 Machi mwaka jana: mwezi nusu, unapungua. Unapungua vizuri kabisa!

Jumatano, 18 Machi

Tayari. Nilifika klabuni mapema nikijidai kumwagilia uwanja. Ya mwaka huu chini, ya mwaka jana juu. Namba ya mwaka nimeikata kwa mkasi, kona imebaki safi. Kando yake nimebandika tangazo: "Ziara ya divai. Tarehe 21, saa moja asubuhi. Mje na madumu." Fupi. Wino ni gharama.

Tersilla kaja na miwani yake. Huyu zamani alikuwa msusi, sasa ndiye mrushaji wetu bora, na kura yake ni kura tatu kwa sababu dada zake wawili hata akikohoa nao wanakohoa. Kasogeza pua kwenye kalenda, kautafuta mwezi, kaupata. Kasema, "He, Vigae! Kumbe kichwani kuna kitu."

Mwalimu naye kaangalia. Kakuna kidevu. Kasema ajabu, yeye alidhani mwezi unaisha kesho. Nikamwambia ni macho, Mwalimu, umri huo.

Alhamisi, 19 Machi

Nimekodi basi dogo la Jumamosi, viti kumi na sita. Nimechora njia mwenyewe: kwenda kwa barabara ya mtoni, kurudi kwa barabara ya kilimani, kona nyingi lakini kilomita chache. Kusimama mara moja tu, maana wazee ukiwasimamisha mara mbili huwapati tena. Clementina atapika sungura. Hotuba ya ushindi pia tayari. Pinuccia kasema ni ndefu. Kasikiliza ukurasa wa kwanza tu!

Ijumaa, 20 Machi

Siku mbaya. Nilikuwa na chupi, kichwa chini ya sinki, nazibua bomba. Pinuccia kaniita toka dirishani: mbona klabu yako nzima iko hapa chini na madumu? Nikamwambia awaambie ziara ni kesho. Kawaambia. Tersilla kajibu kwa sauti ya kuamsha mtaa kwamba kesho ni kwa wavivu, kalenda ya klabu inasema Ijumaa hii ndiyo tarehe 21, na kama Vigae kalala basi ashushwe na shuka lake.

Nilibaki na bomba mkononi. Mwezi niliuangalia. Siku za wiki sikuziangalia! Na kwa nini zinasogea kila mwaka? Nani anafaidika?

Kuwarudisha nyumbani haiwezekani. Mtu akifika nyumbani atafungua gazeti, na gazeti lina tarehe. Lakini basi langu ni la kesho. Hapo ndipo Mwalimu akasema kwa upole ule wake wa kuudhi kwamba funguo za basi la parokia anazo. Mfukoni! Mtu gani anatembea na basi mfukoni? Ziara yangu, usukani wake. Akatuhesabu. Tulikuwa kumi na wawili.

Tulimkuta Clementina na mabuti ya mpira, anaosha tangi. Akashangaa: si tulisema kesho? Nikamkonyeza. Akaniuliza kama nimeingiwa na mdudu jichoni. Sungura wa chakula cha mchana alikuwa bado bandani, anatafuna majani, anatutazama.

Lakini mwanamke yule ni hodari. Akatoa mkate, soseji kavu, jibini, dagaa wa chumvi kwenye mchuzi wa kijani. Akafungua divai yake nyekundu, Barbera. Baada ya saa moja dada zake Tersilla walikuwa wanaimba juu ya benchi. Tersilla kanipiga mgongoni, kasema tangu mume wake afe hajala akafurahi hivi. Mwalimu hakufungua kinywa hata kuhusu goti. Nikahesabu kura kimoyomoyo: tayari nimepita! Kila Clementina alipotaka kusema habari za mwezi, nilimwomba mkate. Nimekula mkate wa wiki nzima. Madumu yakajaa, yote.

Kurudi, barabara ya kilimani. Kona nilizozichagua mimi. Madumu yakaanza kugongana, Mwalimu akasimamisha basi juu kabisa ili tuyafunge kamba. Wote wakashuka kujinyoosha. Jua ndio kwanza limezama. Na pale juu ya mizabibu, upande wa machweo, mwembamba kama ukucha uliokatwa: mwezi. Mchanga. Wa jana.

Tersilla akanigeukia polepole.

"Evasio, mwanangu. Kile ni nini?"

Nikasema ni taa ya mtu.

"Na huyo mtu kaitundika wapi?"

Mwalimu alivua kofia, kama mazishini. Kisha akasema, "Watoto, pandeni," akatuhesabu tena, na aliponifikia mimi akasita.

Hakuna aliyekubali kuingiza dumu lake nyumbani. Yote yako gereji kwangu. Gari langu linalala nje.

Jumamosi, 21 Machi

Saa moja kamili honi mlangoni. Basi nililokodi! Limeshalipiwa, halirudishiwi. Nimempigia Tersilla, kakata. Pinuccia kasema yeye si mwehu. Nikapanda peke yangu. Viti kumi na sita, nimekaa vyote kwa zamu.

Sungura alikuwa tayari, wa watu kumi na wawili: oda ni oda, kasema Clementina. Tulikula watatu: mimi, dereva na Clementina. Dereva kasema ni ziara nzuri sana, tulivu.

Jioni nimeitia divai yote kwenye chupa, chini ya mwezi uleule mchanga, mlango wa gereji wazi ili uone vizuri. Tutajua nani mjinga.

Jumapili, 22 Machi

Kura: Mwalimu thelathini na moja, mimi moja. Pinuccia anaapa kwamba alinipigia. Mimi pia nilijipigia. Hesabu haikubali, na mimi kwa hesabu sijawahi kukosea.

Halafu Mwalimu kasimama. Kasema chakula kilikuwa kitamu, watu walicheka, makosa hutokea, tumpe Vigae na ziara ya vuli, Jumamosi ya tarehe 17 Oktoba. Wakapiga makofi! Huruma. Hakuna kitu kinachoniwasha kama huruma.

Usiku huu vizibo kumi na moja vimeruka gerejini. Kimoja kimevunja taa. Vizibo vya siku hizi havina ubora, kesho namfuata muuzaji.

Sasa la maana. Clementina yuko tayari Oktoba, punguzo lilelile. Nikamuuliza mwezi utakuwaje. Utakuwa unakua. Sawa. Kosa langu lilikuwa moja tu: kalenda ya mwaka wenye siku tofauti. Nimepekua gereji nzima nyuma ya chupa, na nimeipata! Ya miaka kumi na saba iliyopita. Tarehe 17 Oktoba: Jumamosi. Mwezi: unapungua. Na ni kalenda ya duka langu mwenyewe, picha yangu katikati ya vigae, nilipokuwa na nywele. Nilichapisha mia tano, zilibaki mia tatu. Namba ya mwaka nitaifunika kwa kibandiko.

Kila mwanachama atapelekewa yake nyumbani. Bure! Mwalimu nitampa mbili.