Malalamiko Juu ya Saa ya Kifaransa Iliyoolewa Nyumbani Kwangu

Mwaya, kando ya Ziwa Nyasa
Siku ya tisa ya mwezi wa nne, 1911

Kwa Bwana Mhariri wa gazeti linalotufikia kwa meli,

Nakusalimu sana, na baada ya salamu nakuuliza hali yako na ya watu wa nyumbani mwako. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe, kwa hiyo nakuomba uvute kiti usome mpaka mwisho.

Naitwa Lazaro Mwambeta, mkulima wa mpunga na ndizi, Mkristo wa mwaka wa kumi na mbili sasa. Gazeti lako tunasomewa na Mwalimu Eliud baada ya ibada. Katika lile la mwezi wa kwanza alitusomea tangazo hili: "Inauzwa saa ya kale ya Kifaransa, ya kuweka juu ya meza, yenye sanamu ya mwanamke na mtoto, imepakwa dhahabu, umri wake unapita miaka themanini. Inafaa kila nyumba. Mwenyewe anarudi Ulaya." Hayo maneno "inafaa kila nyumba" ndiyo ninayoyashitaki. Kwangu ulifika lini ukapima?

Mwanangu Ambokile anachochea moto katika meli ya ziwani. Miaka mitatu nimemwambia aoe, na miaka mitatu amenijibu kwamba tanuri halimpi nafasi. Baada ya tangazo lako akainunua saa hiyo, akaileta kwa mtumbwi imeviringishwa ndani ya blanketi, akaiweka juu ya kigoda mbele ya mama yake, shangazi zake wawili na Anyitike, mzee wa kanisa. Akasema, "Baba, kila siku mke, mke. Haya, mke huyu hapa." Wangenyamaza tu, yangeishia pale. Lakini mke wangu Tusekile akapiga vigelegele, shangazi wakaitikia, kisha Tusekile akavua shanga zake akaivika ile sanamu shingoni. Katika ukoo wetu mama mkwe akishamvika mtu shanga zake, mambo yamekwisha.

Sijui wewe ni mtu wa wapi, kwa hiyo nakueleza. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawaonani. Tukikutana njiani yeye anajifunika na kuchutama, mimi naingia majanini. Chini ya paa moja hatuketi. Si chuki hiyo, ni heshima, na hakuna mtu Mwaya awezaye kusema Lazaro aliwahi kuivunja. Basi tangu siku ile saa iko ndani, na mimi niko nje. Leo ni wiki ya saba. Ni masika, Bwana Mhariri, na masika ya huku si manyunyu.

Malalamiko yangu nayapanga hivi:

1. Nalala zizini. Ng'ombe wamenipokea vizuri na sina la kuwasema, ila yule mwekundu anakoroma. Chakula naachiwa nje juu ya jani la mgomba, na kuku wanafika kabla yangu.

2. Mkamwana mwenye adabu hapazi sauti mahali baba mkwe anaposikia. Huyu anapaza kila saa, na katikati ya saa anakohoa mara moja. Juzi niliingia upesi kuchukua jembe langu, nikitembea kinyumenyume ili nisimwone, akapiga kumi na mbili kwa mkupuo. Niliruka, nikaangukia vyungu vitatu vya Ikombe ambavyo Tusekile alivingoja mwezi mzima kutoka kwa Yunis mfinyanzi. Tusekile hakuniuliza kama nimeumia. Alisema nimemtisha bibi harusi.

3. Hajui saa! Naona haya hata kuliandika. Jua likiwa limechomoza tu, saa moja ya asubuhi ambayo hata kuku wanaijua, yeye anapiga saba. Saa kumi na mbili ya jioni anapiga sita. Wiki saba nimemsikiliza kutoka zizini na hajapatia hata mara moja. Mwalimu Eliud anasema ndivyo Wazungu wanavyohesabu. Kama alitaka kuhesabu Kizungu, angeolewa huko huko.

4. La nne nimelisahau kwa sababu ya mvua, lakini lilikuwa kubwa kuliko la tatu.

5. Umri wake. Wewe mwenyewe ulitangaza kwamba amepita miaka themanini. Mimi ni mtu wa hamsini na kitu. Kama mkamwana, ananistahi mimi. Kama mtu wa themanini, ni sawa na mama yangu, na mimi ndiye ninayepaswa kumwamkia kwanza. Nimwamkieje mtu nisiyeruhusiwa kumwona? Nilijaribu kupitia ukuta wa mianzi, nikasema "Mwagonile" kwa sauti ya chini. Alijibu baadaye sana, tena mara tisa, na majirani wote wakasikia.

6. Kuna mtoto. Amekuja naye, wa kiume, uchi, mwenye mabawa mgongoni. Sijamwona, nimesimuliwa na shangazi, ambao hawachoki kusimulia. Nimehesabu miezi ya Ambokile melini na miezi ya nchi kavu, hesabu haikubali. Ukoo wetu umewahi kutoa mtu mwenye vidole sita, hilo nakiri. Mabawa hatuna, si kwa baba wala kwa mama.

7. Mke anapaswa kuwa na nyumba yake. Wazee wamekaa, wakanywa pombe yangu, wakaamua Ambokile amjengee. Nyumba ikisimama, jumbe atakuja kudai kodi yake. Atauliza ni nani anayekaa humo. Tuseme nini? Mfaransa? Katika nchi inayotawaliwa na Wadachi, bila cheti? Tutafungwa sote pamoja na ng'ombe, na yule mwekundu hatamwacha askari hata mmoja apate usingizi.

8. Hili ndilo zito. Nilipeleka shauri kwa mchungaji. Akanijibu kwa upole kwamba Mkristo hana haja ya kumkimbia mkamwana wake, niingie, niketi, nile. Maneno mazuri kabisa. Lakini maji ya ubatizo nilimwagiwa kichwani, miguuni hayakufika. Nikikaribia mlango miguu inageuka yenyewe. Na wakati mimi nageuka, mzee Anyitike, ambaye si baba mkwe wa mtu yeyote humo, ameketi kwenye kiti changu tangu asubuhi, anakula samaki wangu, eti anasikiliza saa. Shangazi wamehamia. Wanawake wa kijiji kizima wanakuja kumwona bibi harusi, na ndani ni kicheko mpaka jioni. Nimeishi na Tusekile miaka thelathini na sijawahi kumsikia akicheka namna ile. Sijui kinachomchekesha ni nini. Hilo linaniuma kuliko mvua, nalisema wazi, kwa sababu ile ni nyumba yangu, nimeijenga kwa mikono hii, na sasa naizunguka tu kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Kwa sababu hizo zote nakuomba, na ukikataa nitakuandikia tena kila meli, uchapishe tangazo jipya, safari hii la kweli:

"Inauzwa saa ya kale ya Kifaransa. Mwanamke wa dhahabu, umri mkubwa, mtoto mmoja mwenye mabawa. Hali chakula, hachoti maji, hapuri mpunga. Anasema sana na saa hazijui. Amevaa shanga ambazo si zake. Mnunuzi awe mtu ambaye baba yake amekwisha kufariki. Haifai kila nyumba."

Hayo maneno ya mwisho yaandike kwa herufi kubwa.

Nisalimie wachapaji wako wote, na anayebeba mifuko ya gazeti, na mkeo kama unaye, na baba yako kama yu hai. Mwambie mkeo asimkaribishe mtu yeyote wa dhahabu. Mwalimu Eliud, anayeniandikia barua hii chini ya paa la zizi, anakusalimu pia na anaomba radhi kwa alama za kwato. Kwa kunisikiliza nakushukuru: ndaga fijo.

Ni mimi, niliye nje ya nyumba yangu,
Lazaro Mwambeta

Nyongeza. Meli imechelewa siku tatu, kwa hiyo naongeza haya. Jana alikuja mfanyabiashara mmoja, Tomasi, kutoka ng'ambo ya mto Songwe, na ndama jike mkononi. Tusekile akasema kwa kuwa Lazaro anateseka, basi. Akavua shanga, akamfunga yule mwanamke katika blanketi, akampa Tomasi kwa bei ya ndama. Mimi nilikuwa nikimfurahia ndama. Walipokwisha kupita migomba nikasikia lile blanketi linapiga, mara tatu, linakwenda mbali. Sijui lililonipata. Nilikimbia kwa umri wangu huu, nikawafikia kwenye kivuko cha Songwe, nikaingia majini mpaka kiunoni, nikamnyang'anya Tomasi mzigo mtumbwini. Nilimwambia mkamwana wa Mwambeta hauzwi, na mtoto wake hauzwi, na achukue ndama wake. Nimembeba njia nzima nimefumba macho, nikaanguka matopeni mara mbili, mara zote mbili mimi chini yeye juu.

Tangazo langu usilichapishe. Barua hii ichome.

Ila nakuomba jambo moja, unijibu kwa meli ya kwanza. Tangu tulipofika amenyamaza. Hapigi saba wala sita. Shangazi wamerudi makwao, Tusekile anapika, hacheki tena. Mimi nimeketi ndani, mgongo nimempa, tunangoja. Ambokile yuko ziwani, naye ndiye aliyekuwa akimpa ufunguo. Ufunguo ninao mkononi. Tafadhali umwulize yule mwenyewe aliyerudi Ulaya: unazungushwa kulia au kushoto, na je, baba mkwe anaruhusiwa?