Wakazi wa Mfukoni

Mkurugenzi wa Mapato ya Msimu wa mji wa Haverly Beach, Bwana Wendell Crispin, alisimama kwenye ngazi za ukumbi wa mji akatangaza, kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, kwamba kuanzia siku hiyo wanafunzi wote wa kigeni waliokuja na viza za kubadilishana utamaduni wamepandishwa hadhi. Hawakuwa tena wageni. Walikuwa wakazi.

Ilikuwa mwezi wa saba, jua linachoma, na wanafunzi wenyewe walisimama mbele yake na aproni zao, maana waajiri walikuwa wamewapa ruhusa fupi tu. Walipiga makofi. Wengine walikumbatiana. Kisha Bwana Crispin akaingia aya ya pili ya hotuba, iliyoeleza kwamba mkazi hulipa kodi ya mapato ya mji.

Makofi yakapungua kwa utaratibu.

Jambo hilo Bwana Crispin alikuwa amelilalia na kuliamkia majira yote ya baridi. Kila kiangazi vijana walitua hapo kutoka Kirgizia, Bulgaria na Jamaika, wakakaanga donati, wakatandika vitanda vya moteli, wakaopoa baharini watalii waliokunywa bia kabla ya kuogelea. Kodi ya serikali kuu walikatwa bila matatizo. Lakini kodi ya mji ilimhusu mkazi peke yake, kwa hiyo kila Ijumaa mishahara yao ilipita mbele ya ofisi yake ikiwa mizima, haijaguswa, naye akaumia kama mtu anayeona chakula kizuri kikitupwa jalalani. Kuwaita wakazi lilikuwa tendo la upendo. Hivyo ndivyo alivyoliona.

Plamen, kijana wa Bulgaria aliyefanya kazi ya uokoaji ufukweni, aliinua mkono. Akauliza kama sasa watatibiwa bure kwenye zahanati ya mji, kama wakazi wengine.

Bwana Crispin alilipenda swali hilo. Alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Tuelewane, vijana," alisema. "Kwa upande wa mfuko, ninyi ni wakazi. Kwa upande wa mwili, bado ni wageni."

"Na mfuko ukiugua, bosi?" aliuliza Plamen.

Watu wakacheka. Bwana Crispin naye akacheka, kwa kuwa mwongozo wa mahusiano mema na umma ulimtaka acheke.

Kikwazo kilitoka kwa wenye maduka. Walisema hawamkati mtu senti kwa sababu ya hotuba, wanataka sheria. Basi Bwana Crispin akajifungia ofisini na sandwichi ya samaki, akatoka na sheria ndogo aliyoiona kuwa kazi bora ya maisha yake. Ilisema hivi: mkazi ni mtu yeyote anayelala ndani ya mipaka ya mji na kufanya kazi au kula pensheni humo, asiyelala humo ni mgeni, hata awe nani.

Loretta Dubinsky, karani wa mji, mama mwenye miwani ya kamba aliyewaaga wakurugenzi wengi kwa keki ileile ya dukani, aliisoma karatasi hiyo, akairudia.

"Wendell, umeisoma hii mara ya pili?"

Alimjibu kwamba sheria nzuri haihitaji kusomwa mara ya pili. Baraza la mji nalo likaonekana kuwa na maoni hayohayo, maana liliipitisha bila kuisoma hata mara ya kwanza.

Wiki chache baadaye, Begimai Toktosunova aliungua. Alikuwa msichana wa Naryn, Kirgizia, mwanafunzi wa ualimu, mpole, na kazi yake ilikuwa kugeuza donati kwenye karai. Mtu kwenye foleni ya watalii alimgonga kiwiko, mafuta yakamrukia, mkono wa kulia ukatoka malengelenge kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo. Zahanati ya mji ilikuwa upande wa pili wa barabara. Dirishani alionyesha stakabadhi ya mshahara yenye makato ya kodi ya mji. Wakampongeza kwa kulipa, kisha wakamwelekeza kwa Mkurugenzi akaulize hadhi ya mwili wake.

Aliingia ofisini mkono umezungushiwa taulo lililolowa. Bwana Crispin alimpa kiti. Hakuwa mtu katili. Alikuwa na binti wa umri ule.

"Ulichoungua ni mkono au mfuko?" alimuuliza taratibu, ili amsaidie kulielewa suala.

"Mkono."

"Basi unaona mwenyewe."

Begimai aliinua mkono wenye taulo. Midomo ilikuwa imemkauka kwa maumivu.

"Mheshimiwa," alisema, "hicho mnachokata kila Ijumaa kinatoka kwenye mkono huuhuu."

Bwana Crispin aliona kwamba neno hilo limesemwa vizuri, akamweleza kuwa kuna sanduku la maoni karibu na mlango. Hapo Loretta aliinuka kwenye meza yake, akachukua ufunguo wa gari na mkoba, akamshika Begimai begani, wakatoka. Alimvusha daraja la kutoka mjini hadi hospitali ya wilaya akakaa naye mpaka jioni. Bwana Crispin alimkata Loretta mshahara wa nusu siku. Alipokuwa akisaini alihisi kitu kikimchoma kifuani, akasema ni kahawa.

Mwezi wa tisa ukafika, na pamoja nao mkutano mkuu wa mji. Huu ni mkutano ambao wakazi walipakodi huinua mikono kuamua fedha za mji zifanye nini na nani azitunze. Kwa kawaida walihudhuria wastaafu wachache na mbwa wa mmoja wao. Safari hii Bwana Crispin alikuwa na suti mpya, kwa sababu ajenda ya mwisho ilikuwa kumthibitisha kuwa Mtunza Hazina.

Alipofika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, alikuta viti vimejaa. Walikuwepo wakaanga donati, watandika vitanda, waokoaji wa ufukweni, waendesha bembea. Begimai alikaa safu ya mbele, mkono una bandeji. Loretta alikuwa mlangoni akimwuliza kila aingiaye analala wapi.

Bwana Crispin alimvuta pembeni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba watu hawa ni wageni, na kama wakipiga kura viza zao zitaingia matatani. Loretta alimjibu kwamba alishawapigia simu wanasheria wa mji. Huu si uchaguzi. Ni mkutano wa walipakodi wanaolala mjini, na hao ndio wanaolala mjini.

"Sheria ni yako, Wendell. Nimewasomea mara mbili."

Begimai alisimama. Aliomba kwamba anayekatwa kodi ya mji atibiwe kwenye zahanati ya mji, mwili wake wote, bila kubagua viungo. Wastaafu walikuwa wa kwanza kuinua mikono. Mmoja alisema amekula donati za binti huyu kiangazi kizima na hakujua kwamba hatibiwi mjini. Hoja ikapita.

Bwana Crispin alisimama kupinga kwa niaba ya wakazi. Loretta akamwomba kwanza aueleze mkutano analala wapi.

Ilibidi aseme. Bwana Crispin alikuwa akilala Elmsford, ng'ambo ya daraja, katika nyumba nzuri yenye bustani, na sababu ya kuinunua huko ilikuwa kwamba Elmsford haitozi kodi ya mapato.

"Kumbe ni mgeni wa msimu," alisema Plamen, bila kelele. "Karibu sana, bosi."

Mkutano haukumfukuza. Uliamua tu kwamba mgeni hawezi kutunza hazina ya wakazi, na kwamba akitaka kazi hiyo, ahamie mjini. Mke wake alikataa kuhama. Nyumba zote za mjini zilikuwa zimekodishwa kwa watalii wa vuli, isipokuwa vyumba vya nyuma ya moteli vilivyokuwa vikiachwa na wanafunzi.

Asubuhi ya kuondoka, basi la uwanja wa ndege likinguruma nje, Begimai alimkabidhi Bwana Crispin ufunguo wa chumba chake. Mkono ulikuwa umepona, na ngozi mpya ilikuwa ya waridi. Alimwonyesha kitanda cha ghorofa cha kuchagua, cha chini, kwa sababu kile cha juu huvujiwa na paa. Alimweleza kwamba maji ya moto hayatoki mpaka bomba lipigwe teke hapa, chini kabisa.

Bwana Crispin alilipiga teke. Maji yakatoka ya kahawia.

"Na mtu akitaka kulalamika," aliuliza, "anakwenda ofisi gani?"

Begimai alilifikiria swali hilo kwa dhati, begi likiwa begani.

"Sisi tulikuwa tunatumwa kwako," alisema. "Lakini ukienda wewe, hukuti mtu."