Milingoti Bado Iko Chini

Jumatatu, 19 Februari

Joto la kuchoma nywele. Inzi. Kikao cha kamati ya klabu yetu ya mpira wa Kiaustralia, ule wa mikono na miguu, kimekwisha sasa hivi. Wameamua kwamba nisipomlea mchezaji hata mmoja akaingia kikosi cha kwanza kufikia mechi ya majaribio, Machi kumi na sita, cheo changu kinafutwa. Mkuu wa Maendeleo ya Wachezaji! Cheo nilichokibuni mwenyewe, nikakipendekeza mwenyewe na kukipigia kura mwenyewe. Glenys, mke wangu, amekitarizi kwenye mfuko wa shati langu kwa uzi wa bluu. Sasa nani atakifumua?

Kocha Brodie alikuwa anatabasamu kikao kizima. Kijana mdogo, anafundisha mpira kwa simu. Wachezaji wake wanavaa vijikoba mgongoni vya kupima wamekimbia umbali gani, halafu wanalala chali kwenye mikeka wanapumua. Wanapumua! Enzi zetu maandalizi ya msimu yalikuwa kukimbia hadi ghala la ngano na kurudi mpaka utapike, na aliyetapika mwisho ndiye aliyepangwa. Tulikomaa. Goti langu la kushoto halikunjiki tangu wakati huo, lakini hiyo ni habari nyingine.

Hata hivyo nina silaha. Angus Rundle, kijana wa duka la matairi, anayeinama kupita kila mlango wa mji huu wa Koolbarrin. Mrukaji wa kati wa kuzaliwa! Mwamuzi akiudundisha mpira ukapaa juu, mrukaji wako akiugusa kwanza, mchezo ni wako. Brodie anasema Angus ana miguu mizito. Nimemwambia mchezaji halelewi na simu, analelewa na mtu. Akaniuliza mtu gani.

Alhamisi, 22 Februari

Hatuna uwanja. Hili la uwanja litanitia kaburini. Uwanja ni mmoja tu hapa mjini, na mpaka kriketi iishe ni wa Kelvin Trewin, mwenyekiti wa kriketi, mtunza nyasi, na mtu ambaye hajawahi kunipungia mkono barabarani bila kunikera. Milingoti yetu ya magoli, minne kila upande, imelala nyuma ya banda lake. Haisimamishwi mpaka watu wa kriketi watolewe au wachukue kombe. Ndivyo ilivyo tangu enzi za babu zetu na hakuna anayeuliza kwa nini, isipokuwa mimi, kila mwaka.

Kwa hiyo mazoezi yanafanyika kwenye mnada wa zamani wa kondoo. Mbigili tupu! Leo vijana wametumia muda mwingi kuchomoana miiba kuliko kupiga mpira. Vijikoba vya Brodie vimepima kwamba timu nzima ilikaa chini.

Nikaenda kwa Kelvin kwa adabu zote, kofia mkononi. Nikaomba tupewe ukingo tu wa uwanja, mbali kabisa na pale katikati mpira wao unapodunda, anapopalilia nyasi zake. Hata hakuzima mashine yake ya kushindilia.

"Nev, ndugu yangu," akasema, "hata kunguru akitua pale namfukuza. Sembuse wewe na goti lako."

Basi Angus namfundisha nyumbani kwangu. Nimefunga godoro kuukuu kwenye nguzo ya ua. Mimi nasimama nyuma ya pikapu na kurusha mpira juu, yeye anakuja mbio, anaruka, ananyoosha mkono wa kulia mpaka mwisho na kuukung'uta mpira chini. Kila jioni, tena na tena. Halalamiki. Akimaliza anakula keki ya Glenys, anasema asante Mzee Nev, anaondoka. Anaimarika!

Kasoro moja tu: Jumamosi anaichezea timu ya kriketi ya Kelvin. Ni mmoja wa wanaowarushia wapigaji mpira. Nimeambiwa anarusha ovyo sana. Vizuri.

Jumapili, 25 Februari

Mpango wa kwanza. Kelvin huwa kanisani asubuhi. Nikiisimamisha milingoti akiwa hayupo, atarudi aikute, na mtu gani mwenye moyo angeing'oa? Nikapakia mlingoti mmoja kwenye pikapu na kukatiza uwanjani, kwa kuwa kuzunguka ni mbali.

Alikuwa amemwagilia maji. Alfajiri! Nani anamwagilia nyasi Jumapili alfajiri? Magurudumu yakazama. Nikakanyaga mafuta, yakazama zaidi. Mlingoti ukateleza na kulala katikati ya nyasi zake takatifu.

Ibada ikaisha. Nusu ya mji ikaja kutazama, na wengine walikuwa bado wameshika vitabu vya nyimbo. Mchungaji mpya, Philippa, aliniombea kwa sauti. Kelvin akaleta trekta, akafunga kamba, akanivuta polepole ili wote waone, na hilo ndilo lililoniudhi. Alisema moja tu mwishoni: kwamba wakiingia nusu fainali na nyasi zile zikawa na bonde, atajua pa kunizika.

Glenys ameniuliza kama nimejifunza kitu. Nimemwambia ndiyo: ukitaka kufika, zunguka.

Jumatatu, 4 Machi

Wameingia nusu fainali. Jumamosi hii, hapa kwetu, dhidi ya mji jirani wa Tarrawindi. Hesabu ni rahisi hata kwa Brodie. Kriketi wakifungwa, Jumatatu milingoti inasimama, Angus anapata wiki nzima ya kuruka kwenye uwanja halisi, na mechi ya majaribio tunaichezea nyumbani, godoro likiwa limekwisha kazi yake. Wakishinda, fainali inachezwa hapa tarehe kumi na sita. Siku ile ile! Sisi tutahamishiwa Tarrawindi, na Angus atakuwa kwenye kriketi.

Kwa hiyo lazima wafungwe. Mji wangu mwenyewe. Namtakia mema kila mtu, ila wafungwe.

Ijumaa, 8 Machi

Nimelipata! Chai ya mapumziko. Timu mwenyeji ndiyo inayoandaa, na Glenys ndiye mkuu wa chai ya kriketi tangu tuoane. Siku zote ni sandwichi za tango na skonzi. Nimemwambia safari hii tuwatendee haki vijana wetu: miguu ya mwanakondoo ya kuoka, viazi, mchuzi mzito, na lile bakuli lake la keki iliyolowekwa kwenye divai na kufunikwa kastadi. Katika joto hili! Watu wa Kelvin watakula mpaka wafungue mikanda, halafu watoke juani wakajaribu kukimbia.

Glenys akasema hajawahi kunisikia nikiwatakia heri watu wa kriketi tangu tujuane. Nikasema mtu hubadilika. Nikamenya viazi mwenyewe. Vidole vinaniuma.

Jumamosi, 9 Machi

Siwezi kuandika. Naandika.

Ilianza vizuri mno. Tulipiga kwanza. Walipiga kwanza, nilitaka kusema. Wakatolewa mmoja baada ya mwingine, alama chache za aibu, Kelvin amekaa amejifunika uso na kofia. Mimi nimesimama kando nikisikitika kwa nje. Ndani ngoma inapigwa.

Chai. Milango ya banda ikafunguliwa, harufu ya mwanakondoo ikatoka, na Glenys akasimama mbele ya meza na kijiko chake kikubwa akasema yale anayosema kila Jumamosi ya Mungu ya kila kiangazi.

"Wageni kwanza."

Wageni kwanza! Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote hii na sikukumbuka. Tarrawindi wakajipanga. Wakasifu. Wakarudia. Mwenzao mmoja, jitu lenye ndevu, alirudia mara tatu, na Glenys akamwita mwanangu na kumkwangulia bakuli la kastadi. Nikajaribu kuokoa sahani moja nimpelekee nahodha wetu. Glenys akanipiga kofi mkononi mbele za watu. Vijana wetu hawakuwa na hamu hata hivyo, kwa aibu ya matokeo. Angus alikula tango.

Halafu Tarrawindi wakaenda kupiga. Walitembea kama watu wanaotoka harusini. Aliyepaswa kukimbia alisimama akamtazama mwenzake kwa huruma. Mwenye ndevu aliomba kukaa. Na Angus! Angus akaja mbio, akaruka, akanyoosha mkono wa kulia mpaka mwisho na kuukung'uta mpira chini, na mpira ukashuka kutoka huko juu ambako hakuna mtu aliyewahi kurushiwa mpira. Akatoa wapigaji saba. Kila alipoinua mkono nililiona godoro langu.

Tumeshinda. Mji mzima umelewa. Kelvin amenikumbatia akilia na kuniambia mwanakondoo yule alikuwa mbinu ya kijeshi, na kwamba amenisamehe bonde.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemfuata Angus dukani. Nimemweleza kwa upole kwamba fainali ya kriketi ni kitu cha siku moja, ila kikosi cha kwanza ni maisha. Alikuwa ameshika tairi kila mkono. Akasema anaona aibu kuniangusha, lakini hawezi kuwaacha wenzake fainali. Nikamwambia mimi pia ni mwenzake. Akainamisha kichwa, na hata alipoinamisha bado alinizidi urefu.

Brodie ameshapata habari. Amenitumia ujumbe wenye uso unaocheka. Nimeufuta, ukaja mwingine.

Jumamosi, 16 Machi

Tumecheza na Tarrawindi, kwao. Tumepigwa kipigo cha mbwa mwizi. Katikati aliruka fundi bomba wetu, mfupi, amevaa kijikoba. Kila mpira ulipodundishwa juu yeye alikuwa anautazama kama sisi wengine. Mrukaji wao alikuwa yule mwenye ndevu! Alinitambua, akanipungia, akaulizia hali ya Glenys.

Robo ya tatu ilipoisha, wachezaji wakakusanyika, Brodie akawaambia wapumue. Nilitamani kulia.

Redioni, njiani kurudi: Koolbarrin mabingwa wa kriketi. Rundle, wapigaji wanane. Nilisimamisha gari kando ya barabara nikapiga honi peke yangu, sijui kwa nini. Kisha nikakumbuka cheo na kuacha.

Jumatano, 20 Machi

Kamati imekaa dakika chache tu. Cheo kimefutwa. Brodie aliunga mkono hoja kwa mikono miwili. Milingoti imesimamishwa leo, mirefu, myeupe, na mimi sikualikwa hata kushika kamba.

Jioni Angus akaja nyumbani kama kawaida. Nikamwambia hakuna mazoezi tena. Alijua. Alikuja kuaga: klabu moja ya kriketi ya Melbourne imemwita kwa majaribio, kwa sababu ya mkono wake. Watu wa huko walimuuliza nani alimfundisha kuunyoosha vile. Akasema aliwatajia jina langu, na wao wakaliandika.

Halafu akasema, "Mzee Nev, mpira wenyewe sikuwahi kuupenda. Nilipenda kuja hapa tu. Kule nyumbani hakuna mtu anayenisubiri na kitu chochote."

Niliumia, tena sana, na nilifurahi, na nikakasirika kwa kufurahi. Glenys alimfungia keki nzima. Nilimsindikiza mpaka getini nikamwambia asimwachie mtu yeyote amvalishe kijikoba. Alipoondoka niliketi karibu na godoro mpaka nikaitwa kula.

Jumapili, 24 Machi

Glenys alikuwa ameshika mkasi mdogo na shati langu, tayari kuufumua ule uzi wa bluu, mlango ukagongwa. Mchungaji Philippa. Amekuja kunifariji. Anasema amesikia nimepoteza kitu. Sikumsikiliza sana, kwa sababu taa ya jikoni ilikuwa imeungua tangu Krismasi, na yeye, huku akizungumzia unyenyekevu, aliinua mkono akaibadilisha. Bila kiti! Bila ngazi! Hata visigino havikunyanyuka!

Klabu inaanzisha timu ya wanawake majira haya ya baridi. Hawana mrukaji wa kati. Hawana pia Mkuu wa Maendeleo ya Wachezaji, jambo ambalo kamati haijalifikiria. Nimemwuliza Mchungaji kama amewahi kuruka. Akasema shuleni, kidogo. Nimemwonyesha godoro. Akacheka, lakini alilipiga konde moja zuri mno.

Nimemwambia Glenys aweke mkasi chini.

Mechi za wanawake ni Jumapili asubuhi. Ibada nayo ni Jumapili asubuhi. Jambo dogo! Hakuna palipoandikwa kwamba lazima watu wasali asubuhi. Kesho wazee wa kanisa wanakuja kwetu kwa chakula cha mchana tulizungumze, na Glenys anaoka mguu wa mwanakondoo.